Pembe, Shali na Matusi: Namna Tunavyowakosea Wayahudi



Kuna makosa mawili yanayotembea kati yetu, hapa Koni na katika mitaa yote ya Likasi, na yote mawili yanahusu taifa la Wayahudi. La kwanza ni la zamani: kusema kwamba Wayahudi walimuua Bwana, kwamba Mungu amewalaani, na kwamba tangu Ijumaa Kuu ile hawana tena la kumfundisha mtu. La pili ni jipya, nalo huja kwa kelele. Ni la wahubiri wanaojitanda shali ya sala ya Kiyahudi, wanaopuliza pembe ya kondoo dume ili kuwaangusha adui zao, wanaomuuzia mafuta ya Israeli mama asiye na fedha ya unga. Na tuseme kweli: baadhi ya wanunuzi hutoka katika Misa zetu.

Makosa hayo yanaonekana kupingana, kwa kuwa moja linatukana na jingine linasifu. Lakini shina lao ni moja, nalo ni ujinga. Anayewatukana Wayahudi na anayefanya biashara ya vitu vyao, wote wawili hawajawahi kujiuliza watu hao wamefikiri nini, wamesali namna gani na wamesoma nini katika miaka hii karibu elfu mbili.

Tuanze na kosa la kwanza, kwa sababu limo ndani ya nyumba yetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilikata shauri hili tarehe 28 Oktoba 1965 kwa tamko Nostra Aetate. Katika namba ya 4, Kanisa linafundisha kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Tena linakataza kuwaonyesha kama watu waliotupwa au kulaaniwa na Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 598, inakwenda mbali zaidi: wakosefu ndio waliosababisha mateso ya Bwana, na hatia yetu sisi tunaomkiri kwa midomo na kumkana kwa matendo ni kubwa kuliko ya Wayahudi. Basi kikundi kinachoigiza Njia ya Msalaba na kuwafanya Wayahudi wote mashetani hakitetei imani katoliki. Kinaipinga.

Taifa hilo halikufa baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Lilibaki bila mfalme na bila madhabahu, likajenga makao yake katika kusoma. Tazameni ukurasa wa Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho yao: katikati yamo maneno ya walimu wa kale; upande mmoja yamo maelezo ya Rashi, mwalimu wa mji wa Troyes nchini Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105; upande wa pili zimo hoja za waliomfuata, wakiwemo wajukuu zake mwenyewe, ambao mara nyingi wanampinga. Neno la aliyeshindwa katika mabishano halifutwi. Linaandikwa pamoja na la mshindi, ili kizazi kijacho kilipime tena.

Kitabu hicho Wakristu walikichoma moto. Kule Paris, mwaka 1242, mikokoteni iliyojaa Talmudi, 24 kama inavyosimuliwa, ilimwagwa na kuteketezwa mbele ya watu, nao waliofanya hivyo walidhani wanamtumikia Mungu. Lakini miaka michache baadaye, katika mji uleule, Mtakatifu Thoma wa Akwino aliketi kufundisha, na katika vitabu vyake akamtaja kwa heshima mwalimu anayemwita Rabi Musa. Huyo ni Musa Maimonides, mzaliwa wa Kordoba, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204. Thoma hakukubali kila neno lake. Alimsoma, akachukua, akapinga kwa hoja. Vivyo hivyo Mfransisko Nicolas de Lyre, aliyefariki mwaka 1349, alimtegemea Rashi ili kuwaeleza Wakristu Agano la Kale. Wale waliochoma hawakutuachia kitu; waliosoma walituachia elimu ambayo mapadri wetu wanafundishwa hadi leo.

Msidhani mambo haya ni ya mbali. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi. Wengi walipata kimbilio katika nchi za Waturuki, na wazao wao wakakaa katika kisiwa cha Rhodes, kile ambacho Paulo alipitia (Mdo 21,1), wakiendelea kusema Kihispania cha babu zao. Kutoka Rhodes, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, familia nyingi zilikuja Katanga kufanya biashara: Élisabethville, na pia Jadotville, ndiyo Likasi yetu hii. Jumuiya ya Wayahudi wa Katanga iliundwa mwaka 1911. Mwaka 1937 akafika Rabi Moïse Levy, aliyesomeshwa Rhodes, akawatumikia Wayahudi wa Kongo kwa zaidi ya miaka 50. Sinagogi yao ingali imesimama Lubumbashi, kilomita zipatazo 120 kutoka hapa.

Hatusemi kwamba walikuwa malaika. Waliishi upande wa wazungu katika utawala wa kikoloni, na dhuluma za utawala ule hatuzifichi. Lakini mjue na hili: mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliookoka walikuwa wapatao 150. Waliouawa walikuwa wazazi, ndugu na jamaa za watu waliokuwa wakiuza vitambaa katika miji yetu. Maneno ya laana yaliyofundishwa makanisani kwa karne nyingi yalikuwa yamewazoesha Wakristu wa Ulaya kutazama bila kusema. Ndiyo maana tunakataa kuyasikia tena katika mafundisho yetu, hata kwa mzaha.

Sasa tuje kwa wale wa pembe. Pembe hiyo, inayoitwa shofari, Wayahudi huipuliza hasa katika sikukuu ya mwaka wao mpya, kabla ya Siku ya Upatanisho. Maimonides alieleza maana yake: inawaamsha waliolala, wachunguze matendo yao, watubu na kumkumbuka Muumba. Sauti inamgeukia yule anayeisikia. Mhubiri wa mtaani ameigeuza kuwa silaha ya kumpiga jirani, shangazi au mfanyakazi mwenzake anayedhaniwa kuwa mchawi. Ameiba chombo cha toba, akakifanya chombo cha kisasi.

Maimonides huyohuyo alipanga ngazi nane za sadaka. Ya chini kabisa ni ya anayetoa kwa kinyongo. Ya juu kabisa ni ya anayemshika mwenzake mkono kabla hajaanguka: kumkopesha, kushirikiana naye katika biashara au kumpatia kazi, ili asihitaji tena kuomba. Pimeni kwa ngazi hiyo anayemuuzia maskini chupa ya mafuta. Hayumo hata katika ngazi ya nane, kwa sababu yeye hatoi, yeye anachukua.

Mkitaka mfano wa karibu zaidi na wakati wetu, yuko Abraham Joshua Heschel, aliyezaliwa Warszawa mwaka 1907. Mama yake na dada zake waliangamia chini ya Wanazi. Alikimbilia Marekani, akaandika juu ya Sabato na juu ya manabii, akazungumza na Kardinali Bea na Papa Paulo VI wakati Nostra Aetate ikitayarishwa. Mwezi wa Machi 1965 aliandamana Selma pamoja na Martin Luther King kwa haki za watu weusi, na baadaye alisema kwamba katika mwendo ule miguu yake ilikuwa ikisali. Huo ndio Uyahudi ulio hai. Hauuzwi katika chupa.

Mtu atatuuliza: tunamkiri Kristu, twende kutafuta nini kwa wasiomkiri? Tunamjibu kwa Paulo: sisi ni tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa, na si tawi linalobeba shina, bali shina ndilo linalolibeba (Rom 11,17-18). Mwingine atasema kwamba tunatetea serikali fulani na vita vyake. Hapana. Kumsoma Rashi si kupiga kura Yerusalemu, na Mwislamu au Mkristu wa Palestina ni ndugu yetu vilevile.

Kosa letu katika katekesi ni kudhani kwamba anayeuliza ana imani haba. Tunawakaririsha watoto majibu, nao wakifika miaka 18 wanamfuata wa kwanza anayewapulizia pembe, kwa kuwa hawakuzoezwa kumwuliza: umeyatoa wapi hayo? Luka anatuambia kwamba Yezu, alipokuwa na miaka 12, alikutwa Hekaluni ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza (Lk 2,46). Alikuwa akifanya kama Myahudi yeyote mwenye kupenda elimu.

Basi tunaviomba vikundi vyote vya vijana: mkutano ujao, someni wawiliwawili, kama Wayahudi wafanyavyo katika shule zao. Kila jozi ichukue aya hiyo ya Luka na kuleta swali moja, si jibu. Katibu aandike pia maoni ya wachache. Na atakayekuja na swali ambalo katekista hawezi kulijibu asinyamazishwe; swali lake lipelekwe kwa paroko, na jibu lisomwe mbele ya wote.