Wastani Si Jibu la Kila Swali: Funzo Kutoka Mchezo wa Gofu

Aghalabu mwanafunzi wa sekondari akipewa safu ya tarakimu, hujumlisha, hugawanya, kisha huandika jibu. Ni nadra kumwona akijiuliza kama wastani ndio uliotakiwa. Kosa hilo si lake peke yake, kwani ndivyo alivyofundishwa. Mchezo wa gofu, ambao wengi huudhania kuwa anasa ya wachache, una hesabu iwezayo kuirekebisha kasoro hiyo.

Katika gofu mshindi ni yule anayemaliza mashimo 18 kwa mapigo machache zaidi. Ili mwanagenzi aweze kushindana na bingwa, kila mchezaji hupewa handikapu, yaani kadirio la mapigo atakayopunguziwa. Tangu mwaka 2020 upo utaratibu mmoja wa dunia, na handikapu yake haizidi 54.0. Anayeanza huhitaji kadi za mashimo 54 tu, sawa na mizunguko mitatu kamili.

Mapigo 100 katika kiwanja chepesi hayalingani na 100 katika kiwanja kigumu. Kwa hiyo kila kiwanja hupewa namba mbili. Ya kwanza ni mapigo yanayotarajiwa kwa mchezaji hodari. Ya pili, iliyo kati ya 55 na 155, huonyesha jinsi kiwanja kinavyomwelemea mchezaji wa kawaida kuliko hodari. 113 ndicho kiwango cha kulinganishia. Namba ya kwanza hutolewa katika mapigo ya mchezaji, na baki huzidishwa kwa 113, kisha hugawanywa kwa namba ya pili.

Mathalani, mwanagenzi amepata mapigo 112, 106 na 117 katika kiwanja chenye namba 71.0 na 125. Siku zikiwa za hali ya kawaida, matokeo yake ni 37.1, 31.6 na 41.6, ambayo wastani wake ni 36.8. Lakini kanuni haiutaki wastani huo. Huchukua tokeo lililo bora, 31.6, na kulipunguza kwa 2.0, handikapu yake ni 29.6. Kadi zinapoongezeka, kanuni hubadilika hatua kwa hatua, hata zitimiapo 20, ndipo huchukuliwa wastani wa matokeo 8 yaliyo bora.

Je, huo si upendeleo? La. Swali linaloulizwa si jinsi mtu anavyocheza siku zote, bali ni wapi awezapo kufika siku yake njema. Wastani wa kadi zote ungemtunuku mwenye kushindwa: mtu angeharibu kadi chache kwa makusudi, kisha avune mapigo ya bure siku ya mashindano. Matokeo 12 mabaya yanapoachwa, faida ya hila hiyo hupungua sana. Vilevile, kwa anayeanza, hakuna shimo linalohesabiwa zaidi ya mapigo 5 juu ya kiwango chake. Hata hivyo, kadi hutiwa saini na mwenzake aliyeshuhudia, maana hesabu safi haiwezi kutakasa vipimo vichafu.

Hapana budi walimu walitilie maanani jambo hili. Hakihitajiki kiwanja cha gofu. Kila mwanafunzi na akimbie mita 100 mara 6 kwa siku mbalimbali, muda wake uandikwe na mwenzake. Kisha darasa likokotoe wastani wa mara zote 6 na ule wa mara 2 zilizo bora, na lijadili ni upi utumike kuwapa wakimbiaji dhaifu nafasi ya kuanzia mbele.

Mwanafunzi aliyewahi kulitetea chaguo lake mbele ya wenzake hatadanganywa kirahisi na wastani wa mavuno, wa mishahara au wa mitihani. Kabla ya kuukubali, atauliza kwanza ulikusudiwa kujibu swali gani.