*TAARIFA YA TAWI: VIJANA WETU SI WAVIVU, MLANGO WA UFADHILI NDIO MWEMBAMBA*



Kwenye mkutano wa kata uliopita, kiongozi mmoja alisema vijana wenye digrii hapa Muheza wanalalamika bure. Kwamba ufadhili wa kusoma nje umejaa mtandaoni, ila wao wanashinda vijiweni. Wapo waliopiga makofi. Kamati ya Tawi imekaa, imejadili, na hili ndilo jibu letu. Tunaomba kila mwanachama asome hadi mwisho.

*1. Nafasi zipo, hatubishi*

Jumuiya ya Madola ilianzisha mpango wake wa ufadhili mwaka 1959, na hadi leo Mtanzania anaweza kuomba kusoma uzamivu Uingereza akalipiwa ada, nauli na posho. Ujerumani wana DAAD. Marekani wana Fulbright. China wana ufadhili wa serikali yao. Kuomba Commonwealth, DAAD au Chevening ni bure. Mtu yeyote akikudai pesa "akupitishie fomu", huyo ni tapeli.

Lakini aliyesema nafasi zimejaa hakusema zimejaa za nini. Chevening inalipia uzamili wa mwaka mmoja, hailipii uzamivu. DAAD kwa kawaida haimpokei aliyemaliza shahada yake ya mwisho zaidi ya miaka 6 iliyopita. Hesabu mwenyewe: kijana amemaliza chuo, miaka miwili anatafuta ajira, mitatu anajitolea kufundisha shule ya kata, na wakati huohuo anatafuta profesa wa kumsimamia. Saa inamwishia, na tunamwita mvivu.

*2. Kabla ya ufadhili kuna gharama za kuufikia ufadhili*

Pasipoti peke yake ni Sh150,000. Weka mtihani wa Kiingereza ambao ada yake hairudi hata ukikosa nafasi. Weka nakala za vyeti zilizogongwa mhuri wa wakili. Weka nauli ya Muheza kwenda Dar es Salaam na kurudi, na pa kulala. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu kwanza. Anayepata nafasi Ujerumani bila ufadhili kamili, tangu Septemba 2024 anatakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja kabla hajapewa viza.

Mtoto wa mwenye kipato anamaliza haya kwa wiki mbili. Mtoto wa mkulima wa michungwa anauza mbuzi, halafu anasubiri msimu ujao ili amalizie kilichobaki. Tofauti ya wawili hawa iko mfukoni mwa baba. Haiko kichwani mwao.

*3. Serikali imefanya nini?*

Tuseme haki. Samia Scholarship ipo tangu 2022/23, na inawasaidia waliofaulu sana sayansi kidato cha sita. Lakini iliundwa kwa ajili ya shahada ya kwanza. Bodi ya Mikopo ipo kwa sheria ya mwaka 2004, lakini sehemu kubwa ya mikopo yake inakwenda shahada ya kwanza. Mradi wa HEET ulioanza 2021 umepeleka wahadhiri kusoma uzamili na uzamivu, ndani na nje. Ni jambo jema. Ila fedha zake, dola milioni 425, ni mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi una mwisho, deni linabaki. Na kijana ambaye hajaajiriwa na chuo, mradi ule haukuandikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo anayetaka kufanya utafiti wa uzamivu na hayumo kwenye ajira ya chuo anaambiwa nini? Aende akaombe kwa wenzetu. Wahenga walishasema: mtegemea cha nduguye hufa masikini.

*4. Anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali*

Hapa kwetu Amani, Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, huu unaooza mihogo yetu ardhini, ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na Storey akiwa Amani, mwaka 1936. Karibu miaka 90 imepita. Mama anang'oa muhogo, majani yanaonekana mazima, akikata ndani anakuta umeoza. Kijana wa kijiji kile akitaka kusomea ugonjwa huo hadi uzamivu, lazima kwanza mfadhili wa ng'ambo aone kwamba muhogo wa Muheza ni jambo la maana. Asipoona, kijana anabadili andiko lake la utafiti lifanane na anachotaka mfadhili. Hatuwalaumu wafadhili. Pesa ni yao, na kila mtu hutuma pesa yake kwa shughuli yake. Tunauliza pesa yetu iko wapi.

Mwaka 2006 kule Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Tanzania bado haijafika.

*5. "Shule hazina madawati, ninyi mnataka PhD"*

Hoja hii tunaijua, na ina uzito. Lakini mwalimu wa shule ile anafundishwa na nani? Chuo kikuu mtu hawi mhadhiri kamili bila uzamivu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi 1952, akafundisha Pugu, na 1954 TANU ikazaliwa. Baadaye aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Asiporudi, alisema, huyo ni msaliti. Tunakubali. Ila leo kijiji hakimpi hata kiazi, kisha kinamsuta kwa nini amechelewa kurudi.

*6. Tunachodai*

a) Wizara ya Elimu itangaze ufadhili wote unaopitia serikalini kwa wakati, ukiwa na tarehe na vigezo. Baada ya uteuzi, itangaze walioomba na walioteuliwa ni wangapi, kwa mkoa na kwa jinsia.

b) Uwepo mfuko wa taifa wa uzamivu wenye fungu lake kwenye bajeti ya kila mwaka, na mada za utafiti zipangwe hapa nyumbani.

c) Halmashauri itenge fungu dogo la kukopesha gharama za maombi. Lisiguse asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hiyo ni haki yao.

d) Anayesomeshwa kwa fedha za umma asaini mkataba wa kurudi, na mkataba huohuo umhakikishie kazi akirudi.

*7. Kazi ya Tawi*

Kila balozi wetu aorodheshe wahitimu wa eneo lake wenye nia ya kusoma zaidi: jina, shahada, mwaka wa kumaliza na kilichomkwamisha. Orodha imfikie Katibu wa Tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Tutampelekea diwani aisimamie kwenye Baraza la Madiwani. Yule kiongozi naye tutampa nakala, ili siku nyingine akisema vijana ni wavivu, atutajie ni yupi kati ya hao.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi

_Mtumie na mwanachama asiye na bando, au msomee._