Taa ya violeti haitachukua nafasi ya jua: wanaouzia wakimbizi ndoto waulizwe maswali

Katika soko za Goma na katika picha zinazopitishwa kwenye telefone, kuna taa ndogo za rangi ya violeti zinazouzwa kwa watu wanaotaka kuotesha miche ndani ya nyumba. Muuzaji anasema: tia mbegu ndani ya kopo, washa taa, hutahitaji jua tena. Maneno hayo yanafika hata kwa familia zilizokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, familia ambazo leo zinalala watu wanane katika chumba kimoja cha familia pokezi, ao chini ya bashi. Mama anahesabu franga zake, anaona ni chakula cha siku nyingi, lakini anafikiri: nikipata miche ya nyanya na ya shu, nitauza. Ananunua.

Ninasema wazi: namna biashara hii inavyofanywa sasa, ni kumwibia mtu aliyekwisha kuibiwa. Na wale wanaoleta taa hizo bure kwa jina la msaada, bila kuuliza nani atalipa kuranti, hawako mbali sana na muuzaji.

Kwanza tuwe na haki. Mama anayeotesha miche ndani ya nyumba si mjinga. Goma imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Kila mkaaji anajua kwamba katika kartie nyingi ukichimba unagonga jiwe. Udongo unaletwa kwa gunia. Ukiweka kitalu nje, kuku wanafukua, mbuzi wanakula, mvua kubwa inapiga miche midogo inalala chini, na usiku mwizi anabeba hata beseni. Mkimbizi hana kiwanja, na mwenye nyumba anaweza kumwambia leo hii aondoe vitu vyake. Basi kuingiza miche ndani ni akili. Shida ni kwamba ndani hakuna mwanga, na hapo ndipo mwongo anapata mlango.

Mwanga ni chakula cha mche. Mbegu ya nyanya ao ya shu inaweza kuota hata gizani, kwa sababu imebeba akiba yake. Lakini ikishatoa majani mawili ya kwanza, akiba inaisha, na kutoka hapo mche unakula mwanga. Ukiukosa, unarefuka kuutafuta: shina linakuwa jembamba sawa uzi, jani linageuka njano, mche mzima unainama upande wa dirisha. Wengi wanafikiri umekosa mbolea. Hapana, una njaa ya mwanga, na ukiupeleka shambani hivyo, upepo wa kwanza unaumaliza.

Sasa tupime. Mwanga unapimwa kwa luksi. Jua la saa sita ya mchana, mbingu ikiwa wazi, linafikia karibu luksi 100,000. Siku ya mawingu, nje bado kuna maelfu mengi, mara nyingi 10,000 na zaidi. Ndani ya chumba chenye ampule moja kwenye dari, unapata luksi 100 mpaka 300 hivi. Jicho letu linadanganyika kwa sababu linajizoeza haraka, linaona chumba kimeangaa. Mche haudanganyiki. Ili ukue vizuri chini ya taa nyeupe unataka angalau luksi 5,000, na zaidi ni bora, kwa saa 14 mpaka 16 kila siku, kisha giza la kupumzika.

Na rangi ya violeti je? Hapa muuzaji anachukua kipande cha ukweli na kukifanya uongo mzima. Ni kweli kwamba jani linameza zaidi mwanga mwekundu na mwanga wa buluu. Ndiyo sababu tunaliona la kijani, maana kijani kinarudishwa kwa sehemu. Wenye viwanda wakachanganya taa nyekundu na za buluu, ikatoka violeti. Lakini jani linatumia pia sehemu ya mwanga wa kijani, na taa nyeupe ya LED, ile inayouzwa katika kila butike, ina buluu, ina kijani, ina nyekundu. Inaotesha miche vizuri kabisa. Kinachoamua ni wingi wa mwanga unaofika kwenye jani. Taa dhaifu ya violeti ni taa dhaifu, hata ikiwa na rangi ya kushangaza. Zaidi ya hayo, chini ya violeti huoni jani likianza kuugua, kwa sababu majani yote yanaonekana meusi.

Uongo wa pili uko kwenye karatoni. Imeandikwa wati 1000. Soma maandishi madogo nyuma: utakuta kwamba taa inakula wati 100, ao hata kidogo zaidi ya hapo chini. Ile namba kubwa ni ya kulinganisha na taa za zamani, ao ni ya kupamba tu. Ulizeni swali moja: inavuta wati ngapi kwenye ukuta? Muuzaji asipojibu, rudisheni pesa mfukoni.

Uongo wa tatu ni wa umbali. Taa ndogo ukiisogeza mara mbili mbali zaidi, mwanga unaofika kwenye mche unabaki robo. Taa inayopaswa kuwa sentimita 15 juu ya majani, watu wanaitundika kwenye mti wa paa, mita moja na nusu juu. Hapo inaangaza ukuta na watoto wanaosoma, ambayo ni kazi nzuri, lakini mche haupati kitu.

Halafu kuna kuranti, na hapa ndipo hasira yangu inapanda. Tuchukue beseni moja ya sentimita 30 kwa 30. Ampule mbili nyeupe za LED za wati 9 zilizoshushwa karibu zinaweza kuilisha. Ni wati 18. Kwa saa 14 ni wati-saa 252 kila siku, kwa mwezi karibu kilowati-saa 7 na nusu, kwa beseni moja tu. Mwenye nyumba aliyekupokea ndiye analipa. Na ukisema utatumia batri ndogo ya sola ya volti 12 na ampea 7, hesabu ni hii: 12 mara 7 ni wati-saa 84. Gawa kwa 18, unapata saa nne na nusu hivi, na batri inabaki tupu kabisa, jambo linaloiua haraka. Familia inapoteza taa ya usiku, inapoteza chaji ya telefone ambayo ndiyo njia ya kupata habari za ndugu waliobaki nyuma, na miche inakufa vilevile.

Bado sijasema juu ya moto. Ampule ya zamani ya waya inatoa joto zaidi kuliko mwanga. Nyaya zilizofungwa kwa mikono, karibu na maji ya kumwagilia, chini ya bashi ya plastiki, mahali nyumba zimegusana: kila mtu aliyeishi kambini anajua moto unavyokimbia pale.

Nitajibiwa: lakini Ulaya wanafanya hivyo, na wanavuna. Ndiyo, wanafanya, na wana sababu. Kule, mwezi wa pili nje kuna baridi kali na siku ni fupi. Wakingoja jua la kutosha, wamechelewa msimu. Wananunua taa kwa sababu wanakosa kitu ambacho sisi tunacho. Goma iko karibu sana na ikweta. Mwaka mzima tuna mchana wa saa 12 hivi, Januari sawa na Julai. Kumuuzia mtu wa hapa jua la bandia huku la kweli linampiga kichwani ni sawa na kumuuzia mvuvi wa Kivu maji ya chupa ili afugie samaki.

Sisemi taa haifai kabisa. Kuna mahali inafaa: chumba cha kikundi, chenye kuranti isiyokatika sana, mahali usalama hauruhusu kukaa nje, na watu wamepatana nani analipa. Hapo chagueni hivi. Taa nyeupe, si ya violeti. Kwenye karatoni mtafute namba kati ya 4000 na 6500 yenye herufi K, huo ni mweupe unaokaribia wa mchana. Umbo refu la tyubu linafaa kuliko ampule moja, kwa sababu linaangaza meza yote sawasawa. Itundikwe kwa kamba inayoweza kupandishwa miche ikikua, sentimita 10 mpaka 15 juu ya majani. Pembeni wekeni ukuta uliopakwa chokaa, ao mabati yanayong'aa, ili mwanga urudi. Na ikiwa miche inarefuka na kuinama, shusheni taa, msiongeze mbolea.

Kwa familia isiyo na chumba kama hicho, dawa ni kitalu kinachotembea. Panda katika beseni iliyotobolewa chini, ao katika vikopo ndani ya kreti moja ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kubeba. Mbegu zikiota, toa nje asubuhi, weka juu ya meza ao juu ya mawe, mahali kuku hawafiki. Siku za kwanza weka kivuli chepesi cha majani ya ndizi, kisha kipunguze kidogo kidogo. Mvua kubwa ikija, ingiza. Usiku, ingiza. Shu na nyanya, kwa juma nne mpaka sita zinakuwa tayari kuhamia kwenye gunia ao shambani. Lengalenga haina haja hata ya hayo yote: imwage moja kwa moja kwenye gunia la udongo, itakulisha mapema kuliko zote. Kazi hii inataka macho na mikono. Haitaki kuranti.

Kwa nyinyi mnaoandika miradi: familia hizi zimewaambia mara nyingi zinachokosa. Ni mbegu nzuri ambayo haijapita tarehe, udongo na mbolea ya mifugo, maji karibu, na mahali ambapo mwenye kiwanja hatawafukuza mbele ya mavuno. Taa inapendeza kwenye picha ya ripoti kwa sababu inang'aa. Gunia la mavi ya ng'ombe halipendezi, lakini ndilo linazaa. Mkileta taa, leteni pia hesabu: wati ngapi, saa ngapi, nani analipa mwezi wa nne mradi ukiisha. Someni hesabu hiyo mbele ya akina mama wenyewe, katika lugha yao.

Na nyinyi akina mama na akina baba mnaosoma ao mnaosomewa: msimwamini muuzaji, na mimi pia msiniamini bure. Chukueni makopo mawili, mbegu zilezile, udongo uleule. Moja liwe chini ya taa yake ya violeti, jingine litoke nje kila asubuhi. Baada ya juma mbili, wekeni makopo yote mawili mbele ya muuzaji, sokoni, watu wakiwepo. Mwambieni aonyeshe ni mche upi angepanda yeye.