MISULI HAINUNULIWI KOPONI

Ndugu wanaushirika: wavuvi, wakulima, akina mama wachuuzi, na ninyi vijana wa Dunda,

Safari hii hatuandiki habari za mkutano wala za madeni. Tunaandika habari za kopo. Kopo lenyewe mnalijua: kubwa, jeusi, limechorwa mtu mwenye kifua kama ngalawa iliyopinduliwa, na ndani mna unga. Vijana wetu wanaonyanyua vyuma jioni wameambiwa kwamba bila unga huo hawapati misuli. Basi wanachanga, wanakopa, na jasho la wiki nzima la baharini linapanda basi kwenda Dar es Salaam kulipa kopo. Sisi tunasema HAPANA. Huo ni mrija. Na mrija uwe wa kabaila, uwe wa dukani, kazi yake ni moja tu: kunyonya.

Kwanza tuulizane, unga huo ni kitu gani? Ule unaouzwa zaidi ni maji ya maziwa. Wazungu wakitengeneza jibini, maji yanayobaki huchujwa, hukaushwa, hutiwa ladha ya vanila au chokoleti, yakafungwa koponi. Ni maziwa yaliyosafiri, bwana! Na wafugaji wa wilaya hii ya Bagamoyo wanapita na maziwa mabichi barabarani kila siku. Chemsha, kunywa, au gandisha mtindi. Glasi moja ya robo lita ina gramu 8 za protini, na haina picha ya mtu.

Kinachojenga msuli ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Jambo hili si geni. Wazee waliopita katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai mwaka 1975 wanakumbuka mafunzo yake. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo taifa lilipounda Taasisi ya Chakula na Lishe. Elimu ipo. Tatizo ni kasumba ya kuamini kwamba cha kwetu ni duni mpaka kitoke ng'ambo kimefungwa.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina ubishi. Mtu mzima anahitaji kiasi cha gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Ndicho kiwango kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha majaribio mengi, ulionyesha kwamba ukipita kama gramu 1.6 kwa kilo, kwa kawaida misuli haiongezeki tena kwa sababu ya protini. Kijana wa kilo 60, basi, zinamtosha gramu 96 kwa siku. Zinapatikana wapi?

Asubuhi: uji wa mahindi uliotiwa karanga za kutwanga kama gramu 30, na mayai mawili. Hapo kuna kiasi cha gramu 23.
Mchana: ugali wa robo kilo ya unga, na samaki gramu 150, kibua au changu au yeyote aliyeingia wavuni. Gramu 50.
Jioni: makande ya mahindi gramu 150 na kunde kavu gramu 100. Gramu 35.

Jumla imepita 100, na kopo halijafunguliwa. Siku samaki hakuna, konzi ya dagaa wakavu ya gramu 30 tu ina protini kama gramu 18. Kunde, choroko, mbaazi na maharage, kila gramu 100 kavu zina 20 hadi 24. Na msiyadharau makande kwamba ni chakula cha bwenini. Mahindi yana upungufu ambao kunde zinauziba, na kunde zina upungufu ambao mahindi yanauziba. Bibi zetu walivichanganya chungu kimoja kabla maabara hazijagundua sababu.

Tuje kwenye pesa. Kopo la kilo moja tuseme ni shilingi laki moja, na ndani mna protini kama gramu 780. Kwa laki hiyo hiyo, hata maharage yakifika elfu nne kwa kilo, unabeba kilo 25, zenye protini gramu 5,500. Atatokea mjuaji aseme maharage hayayeyuki tumboni vizuri kama maziwa. Ni kweli. Haya, tupunguze theluthi nzima. Bado ni zaidi ya mara nne ya kopo, na nyumba nzima imekula. Kopo linalisha mtu mmoja tu.

Tena kopo si la kuaminiwa kila mara. Mwaka 2004 wataalamu wa Cologne, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Katika hivyo, 94 vilikutwa na homoni za misuli ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi ya kopo. Homoni hizo husinyaza korodani, hupunguza mbegu za kiume, huumiza ini na moyo. Mwenye duka hajui kilichomo, mnunuzi hajui, anayejua yuko mbali anahesabu faida. Na anayekuja na sindano za kukuza kifua, huyo mfukuzeni.

Hatusemi kila unga ni sumu. Protini ni protini, na daktari akimpa mgonjwa unga maalumu, hilo ni jambo la daktari. Tunachokataa ni uongo kwamba kijana mzima, mwenye bahari mbele yake na shamba nyuma yake, hawezi kujenga mwili bila kopo. Msuli hujengwa na kazi, chakula na usingizi. Katika hivyo vitatu, hakuna kinachohitaji kuchanga laki.

Wapo watakaosema, "Wazee walikula muhogo mtupu na walikuwa na nguvu." Tusidanganyane. Muhogo mbichi gramu 100 una protini gramu moja tu na kidogo. Muhogo hutia nguvu ya kwenda, haujengi. Karne ya 19 wapagazi walifika hapa Bagamoyo kutoka bara, kila mmoja na mzigo wa kiasi cha kilo 30. Walikuwa na nguvu, lakini wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Mfano wa kuiga si njaa ile. Mfano ni muhogo uliokaa pamoja na samaki wa nazi, na kisamvu kilichotwangwa, kikachemshwa sawasawa, kikaungwa kwa karanga.

Lakini neno letu kubwa haliko kwa vijana peke yao. Liko kwa wenye vyombo na wenye nyumba. Mashua inaingia, mnada unapigwa mchangani, samaki wote wanapakiwa barafu kwenda mjini, na nyumbani kwa mvuvi kunapikwa ugali na mchuzi wa chumvi. Magunia ya dagaa husagwa kuwa chakula cha kuku. Kuku wa mjini anakula dagaa, mtoto wa pwani anakunywa chai kavu! Kisha kijana wa nyumba hiyo hiyo anaona mwili wake mwembamba, anakwenda kununua kopo. Tunauza protini rahisi, tunainunua ghali. Kujitegemea gani huko?

Wala si mzaha. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto aliyedumaa hakuna kopo litakalomrefusha akifika miaka ishirini. Msuli wa kijana unaanzia tumboni kwa mama. Kwa hiyo miiko ya kumnyima mjamzito mayai itupwe leo. Na ile desturi ya baba kula kichwa na mkia na katikati, watoto wakaambulia mchuzi, nayo ife.

Tunapendekeza haya, na tunataka yajadiliwe mkutanoni, yasiishie ukutani:

1. Kabla ya mnada, kila chombo kitoe kitoweo cha nyumba za mabaharia wake. Kitoweo kwanza, mnada baadaye.
2. Ushirika ununue kunde, choroko na karanga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, uwauzie wanachama kwa bei hiyo hiyo miezi ya kusi, bahari ikichafuka.
3. Kila nyumba iwe na matuta ya kunde, majani yaliwe na mbegu ziliwe, na kuku wa mayai wasiopungua watatu.
4. Vijana wa vyuma wachange pesa za kopo wanunulie gunia la maharage. Wakipika pamoja, wanakula pamoja, na baada ya miezi mitatu tuone kifua cha nani kimebaki nyuma.

Asiyekubaliana nasi na aandike jibu lake, tutalibandika hapa hapa pembeni. Ila aje na hesabu, asije na picha ya kopo.

CHAKULA NI UHAI. KITOWEO KWANZA, MNADA BAADAYE!

Sisi, Kamati ya Gazeti la Ukutani
Dunda, Bagamoyo