Kimya cha King'ora

Katika ukumbi wa kuingilia wa majengo mengi ya umma hutundikwa sanduku la chuma lenye taa ndogo ya kijani. Wapitao huiona taa hiyo wakaridhika kwamba jengo linalindwa dhidi ya moto. Kuridhika huko ndiko kunakostahili kutiliwa shaka. King'ora kizima ambacho hakijaona moto hukaa kimya. King'ora kilichokufa nacho hukaa kimya. Mtu anayelipwa kuitafuta tofauti baina ya vimya hivyo viwili ni fundi sanifu wa mitambo ya moto na ulinzi. Ajabu ni kwamba, mwaka wa fedha ukiwa mgumu, ujira wake huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa.

Wengi humdhania kuwa ni mtu wa kukaza skrubu na kupangusa vumbi. Kupangusa vumbi ni kazi kweli. Ndani ya kigunduzi cha moshi kinachotumia mwanga mna chemba yenye giza ambamo mwali hupita bila kuligusa jicho la umeme. Moshi ukiingia huutawanya mwali, jicho likauona, na kengele ikalia. Vumbi au utando wa buibui hufanya vivyo hivyo. Kengele ikilia bure mara tatu katika juma moja, mara ya nne mlinzi huuzima mtambo, na jengo hubaki na sanduku tu.

Lakini elimu hasa ya kazi hii imo katika waya na betri. Katika mitambo ya kawaida, mwisho kabisa wa waya unaounganisha vigunduzi hufungwa kikinza, tuseme cha omu 4,700. Mtambo ukitoa volti 24, kanuni ya Ohm inaonyesha kwamba mkondo wa takriban miliampea 5 hupita daima, usiku na mchana. Panya akikata waya, mkondo hushuka hadi sufuri na taa ya hitilafu huwaka. Kigunduzi kikiona moshi, mkondo hupanda mara nyingi zaidi na king'ora hulia. Hata hivyo yupo fundi mvivu ambaye, akishindwa kupata mahali waya ulipokatika, hukifunga kikinza hicho ndani ya sanduku lenyewe. Taa ya hitilafu huzimika, mwenye jengo hulipa kwa furaha, na vyumba vyote vilivyo ng'ambo ya mkato hulala bila ulinzi wowote.

Betri nazo hudanganya. Umeme mkuu ukikatika, mtambo hutegemea betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Zikipimwa huku chaja inafanya kazi, mita huweza kusoma volti 27 hata kama zimechakaa, kwa kuwa kinachopimwa ni chaja. Fundi mwaminifu hukata umeme mkuu, akazibebesha betri mzigo wa ving'ora vyenyewe, kisha akaitazama mita. Betri iliyozeeka ina ukinzani mkubwa wa ndani. Ikidaiwa mkondo, volti zake huporomoka. Na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam uzee huo huja mapema: kwa makadirio, kila nyuzijoto 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi na asidi kwa nusu. Ratiba ya matengenezo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haifai kunakiliwa huku bila kufikiri.

Kisha kuna mlango. Fundi huyu amebebeshwa mambo mawili yanayopingana: ulinzi hutaka mlango ufungwe, moto hutaka ufunguke. Mnamo Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Moto ule uliwashwa kwa petroli, na si haki kudai kwamba king'ora peke yake kingewaokoa. Kufuli la sumaku-umeme hushika mlango pale tu mkondo unapopita; mtambo wa moto ukiukata mkondo, mlango huachia. Fundi hulijaribu kwa kukata umeme na kuusukuma mlango kwa mkono wake. Shule isiyoweza kulinunua inaweza kuweka komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, na hiyo ni kazi ya mhunzi yeyote.

Mwalimu wa fizikia mwenye betri kuukuu ya pikipiki, balbu ya taa yake na mita anaweza kuyaonyesha mengi ya haya katika kipindi kimoja: volti bila mzigo, kisha volti balbu inapounganishwa. Mkuu wa shule naye aalikwe kutazama, halafu wanafunzi wamwulize ni lini milango ya bweni ilijaribiwa usiku.