Taa Hafifu Si Shauri la Balbu Tu

Wakulima wenzangu, wengi wetu hupeleka maziwa na viazi kabla ya jua kuchomoza. Alfajiri moja nilipanda gari la maziwa katika ukungu wa Kinangop. Taa zake zilikuwa nyekundu kama makaa, na nusura tumgonge mtoto aliyekuwa akiongoza punda. Mwenye gari akasema, "Kesho nitanunua balbu kubwa." Mimi nasema hilo ni kosa.

Balbu ya kawaida ya gari la volti 12 ni ya wati 55 au 60. Ukitia ya wati 100, umeme unaopita huwa karibu mara mbili. Waya hupata moto, swichi huungua, na dereva anayekuja mbele yako haoni kitu. Tena ubaya wenyewe haujaondoka, maana mara nyingi ni kutu. Volti zikipungua sehemu 1 katika 10 njiani, mwanga wa balbu hizi hupungua karibu sehemu 3 katika 10.

Basi anzeni hivi. Fundi atoe kwanza waya wa betri. Kisha afungue waya wa taa ulioshikana na bodi, asugue hapo kwa msasa mpaka chuma king'ae, akaze tena. Asafishe na vichwa vya betri. Vioo vya plastiki vilivyogeuka manjano visuguliwe mpaka viwe safi. Mwisho, simamisheni gari mbele ya ukuta, mtazame kama taa zinaelekea barabarani wala si mbinguni.

Msasa ni shilingi chache. Mtoto wa jirani hanunuliwi.