Hewa Njema ya Mgeni Ndiyo Kiangazi Chetu



Kila mwaka, toka Juni mpaka Oktoba, wageni wa ng'ambo huja kwa wingi kutazama wanyama wa Tsavo. Huisifu sana hali ya hewa: mvua hakuna, majani yamepukutika, na ndovu huonekana wazi wakikusanyika majini. Ni kweli. Lakini hewa hiyo njema ya mgeni ndiyo kiangazi cha Kitui na Makueni. Mito hukauka, maji huchimbwa mchangani, ghala hupungua, na vijana wa Kibwezi na Ikutha huzifuata hoteli za mbugani kutafuta kibarua.

Hatuwachukii wageni wala ndovu. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na Mtito Andei, penye lango moja kubwa la mbuga hiyo, ni mji wa Makueni. Wageni huleta fedha, na fedha hulipa karo. Tunalosema ni kwamba aliyebeba mzigo apate fungu lake.

Kwanza, kazi. Mpishi, dobi, mlinzi na mtandika vitanda huandikwa msimu ukifika; mvua ikinyesha huambiwa, "Nenda, tutakuita." Mwaka 2020, ndege za abiria wa ng'ambo zilipozuiwa toka mwisho wa Machi mpaka Agosti, sote tuliona jinsi kazi hii isivyo na mizizi. Basi na tuijue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kila mmoja aandike siku zake katika daftari. Bwana akisahau hesabu, daftari halisahau.

Pili, shamba. Mfanya kazi wa hoteli ana mama au mke alimaye ndengu na mtama karibu na mpaka wa mbuga, pande za Mutha au Mtito Andei. Ndovu wakiingia usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwisha. Sheria ya Wanyama wa Porini ya mwaka 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama na milioni 3 kwa aliyelemazwa daima. Mazao nayo yana fidia. Lakini watu wamengoja malipo miaka na miaka. Sheria isiyolipa ni mtungi uliotoboka.

Twashauri hivi: kila tawi liwasaidie wanachama kuandika madai yao mara tu hasara itokeapo, wakiwa na mashahidi, na yapelekwe pamoja mbele ya kamati ya wanyama ya kaunti. Dai la mtu mmoja hupotea mezani. Madai ya kijiji kizima yana sauti.

Mgeni na aje, atazame, arudi kwao salama. Nasi tudai mshahara usiokatika mvua inyeshapo. Umoja ni nguvu.